Jengo la Kale Lilikuwa Jipya Siku Moja: Kupiga Picha Majengo ya Zama Zetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Mbeya



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya upigaji picha wa majengo ya kisasa duniani. Halmashauri iliniomba nieleze mabingwa wa kazi hiyo wanafanya nini, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaweza kujifunza nini kwao. Nitaanza mbali, nitapita Zanzibar na Dar es Salaam, kisha nitafika Iringa na kumalizia hapa Mbeya, kwa maana hoja yangu iko huku kwetu. Hoja yenyewe ni fupi. Kila jengo tunaloliita la kale leo lilikuwa jipya siku moja, na aghalabu tunalijua vema kwa sababu palikuwa na mtu aliyelipiga picha wakati wengine walilipita bila kulitazama.

Tuanze na nchi walikotoka wazazi wa wengi wetu. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, mji wa Lahore ulibaki Pakistani, na jimbo la Punjab upande wa India likakosa makao makuu. Waziri Mkuu Nehru akaamua ujengwe mji mpya, Chandigarh, na kazi ya kuusanifu akapewa Le Corbusier kutoka Ufaransa. Majumba yake ya serikali ni ya zege tupu, makubwa, yasiyo na nakshi tulizozizoea. Wengi hawakuyapenda. Lakini Le Corbusier alikuwa na mpiga picha wake, Lucien Hervé, waliyeanza kufanya kazi pamoja mwaka 1949. Hervé alikwenda Chandigarh akayapiga picha majumba yale kwa mwanga mkali wa jua na vivuli vyeusi, hata mtazamaji akaelewa kwamba zege ile ilitengenezwa ili icheze na jua la India. Mwaka 2016 majumba hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Usanifu ulistahili heshima hiyo wenyewe. Lakini dunia iliyafahamu kwanza kwa picha.

Siku hizi jina linalotajwa sana katika kazi hii ni la Iwan Baan, Mholanzi anayezunguka dunia akipiga picha za majengo mapya. Mpiga picha wa mtindo wa zamani alisubiri watu waondoke ndipo apige, jengo libaki peke yake kama sanamu. Baan husubiri watu waingie. Katika picha zake utaona mfagiaji, watoto wanaokimbia, muuza vyakula mbele ya mlango wa jumba la fahari. Jengo linakuwa mahali pa watu, nawe unapata kipimo cha ukubwa wake bila kuandikiwa mita.

Mwaka 2015 kilitoka kitabu kikubwa cha Manuel Herz na wenzake kuhusu majengo ya kisasa yaliyojengwa barani Afrika wakati wa uhuru, na picha zake zilipigwa na Iwan Baan pamoja na Alexia Webster. Humo yamo majengo ya Ghana, Senegal, Côte d'Ivoire, Zambia na Kenya, likiwemo Jumba la Mikutano la Kenyatta pale Nairobi, lililokamilika mwaka 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Kaskazini yetu imo, na kusini-magharibi yetu imo. Tanzania haimo. Sisemi hivi kwa kulaumu, maana kitabu kimoja hakiwezi kubeba bara zima. Nasema ili tujue kwamba hapana mgeni aliyeahidi kuja kutufanyia kazi hii.

Wala si kazi ngeni kwetu. Wazee waliopata kuishi Zanzibar watakumbuka Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye ikaendelezwa na mwanawe, Rohit Oza. Kabla yake walikuwapo wapiga picha wa Kigoa, ukoo wa Gomes, tangu karne ya 19. Kwa mikono yao na ya wenzao tumepata kuziona sura za Mji Mkongwe jinsi zilivyokuwa: masultani na raia, mitaa, milango, majumba ya baharini.

Chukueni mfano wa Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, nalo wakati huo lilikuwa jengo la kisasa kupita yote katika mwambao huu, lenye nguzo za chuma na, baadaye, umeme na lifti. Watu walilistaajabia kama sisi tunavyostaajabia maghorofa ya vioo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga, na mnara uliosimama mbele ya jumba hilo ukaharibiwa. Mnara wa saa tunaoujua sisi uliunganishwa na jumba lenyewe baada ya hapo. Tunajuaje sura ya kwanza? Tunaijua kwa picha zilizopigwa kabla ya siku ile. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wakapoteza maisha, kila aliyetaka kueleza kilichopotea alirudi kwenye picha.

Tuvuke bahari hadi Dar es Salaam. Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa na kuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, kama miti inayotandaza matawi. Chini ya mti ndiko wazee wetu walikofanyia magulio, na Amuli aliurudisha mti ule kwa zege na nondo. Miavuli ile hukinga pia mvua na kuyateremsha maji yake chini. Maelfu ya watu walinunua nyanya na vitenge chini yake bila kuinua macho. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua, na hapo ndipo wengi walipoanza kuuliza juu ya yule aliyelisanifu na maana ya lile paa.

Ndugu zangu, hivi ndivyo ilivyo. Hatulioni jengo mpaka liungue, lianguke au livunjwe. Kazi ya mpiga picha ni kuliona kabla.

Sasa tufike nyumbani. Iringa, mji ambao jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome, una Boma lililojengwa na Wajerumani karibu na mwaka 1900, ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Una jamatkhana ya ndugu zetu Waismailia yenye mnara wa saa katikati ya mji. Una soko la zamani na maduka ya mabaraza yanayolizunguka. Kila kimoja kilijengwa na watu waliodhani wanajenga jambo jipya kabisa.

Hapa Mbeya nawaombeni mwende stesheni ya TAZARA pale Iyunga, mkaitazame kana kwamba hamjapata kuiona. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975, na stesheni yetu ni mtoto wa kazi hiyo. Ukumbi wake mrefu, madirisha yake mapana na mistari yake iliyonyooka vinaeleza imani ya wakati ule: kwamba nchi mbili changa zaweza kujifungulia njia yao wenyewe. Leo vijana wetu wanapiga picha mbele ya stesheni mpya za reli ya kisasa, ile ya Dar es Salaam iliyoundwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite na ile ya Dodoma iliyochukua sura ya vilima. Wanafanya vema. Lakini Iyunga nayo ilikuwa tanzanite ya miaka ile.

Kumbukeni pia Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, na mahali pake pamesimama soko jipya la ghorofa. Lile la zamani, lenye vibanda vilivyobanana na njia ambazo mgeni angepotea, limebaki katika vichwa vya wafanyabiashara wake. Hili jipya limepigwa picha na nani, kwa namna gani, na picha hizo zimehifadhiwa wapi? Miaka 40 ijayo swali litakuwa hilo hilo.

Ninalokuja kulisema sasa linatuhusu sisi wa hekalu na majirani zetu kwa pamoja. Katika Mbeya, Iringa na miji mingi ya nchi hii iko mitaa inayoitwa Uhindini. Majumba yake ya duka mbele na makazi nyuma yalijengwa na babu zetu na mafundi wao, Wahindi kwa Waafrika. Juu ya kuta za mbele mara nyingi waliandika mwaka wa kujenga, pengine na jina. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majumba, iliyohusu majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na tangu mwaka 1990 yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zilihama baadaye kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Sitafufua mjadala wa siasa hapa. Nataka mwone tu matokeo yake katika kumbukumbu. Aliyejenga, au mjukuu wake, anajua kwa nini jengo lilijengwa hivyo, lakini haishi humo. Aliyeishi humo miaka 50 anajua kila ufa na kila mlango unaokwama, lakini hakuambiwa nani alilijenga. Hadithi ya jumba moja imekaa katika vinywa viwili visivyokutana, na jumba lenyewe huenda likapisha ghorofa jipya kabla havijakutana.

Picha yaweza kuvikutanisha. Weka picha ya jumba la zamani mezani, waalike mzee wa hekalu na mpangaji wa miaka mingi, kisha kaa kimya usikilize. Mmoja atasema fundi alitoka wapi. Mwingine atasema mwaka gani ukuta wa nyuma ulivunjwa kupisha tangi la maji. Hapo mtaandika yale ambayo hayako katika faili la ofisi yoyote.

Nami sisemi tupige ya kale peke yake. Ghorofa jipya la vioo linaloinuka mahali pa duka la babu linastahili kupigwa kwa uangalifu ule ule, maana wajukuu wetu wataliita la kale.

Basi tupigeje? Niruhusuni nieleze mambo machache ya ufundi, kwa ajili ya vijana hasa. Simu ya mkononi yatosha kwa kuanzia.

La kwanza ni jua. Mbeya na Iringa ziko kusini ya ikweta, kati ya nyuzi 7 na 9. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kusini. Miezi mingine huwa kaskazini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini adhuhuri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na msimu wake wa kupata mwanga ndio msimu wa mvua. Usikate tamaa. Vizia saa mbingu inapofunguka baada ya mvua kunyesha, kwani hewa huwa imeoshwa na rangi hutoka safi. Mwezi wa Septemba vumbi na moshi wa mashamba hufifisha milima, na picha ya jengo lenye Loleza nyuma yake haitatoka vizuri. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, lakini mwanga wa mapema ni mlalo, nao hudhihirisha kila tofali.

La pili ni kusimama wima. Ukiinua kamera kulitazama jengo refu, kuta zake huonekana zinaegemeana na kuanguka nyuma. Mabingwa wana lenzi maalumu inayopanda bila kamera kuinama. Sisi tunaweza kurudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, au kumwomba jirani wa ghorofa ya pili ruhusa ya dirisha lake, tukaishika simu ikiwa wima kabisa.

La tatu ni vioo. Jengo la vioo mchana ni kioo cha kujitazamia: huonyesha mbingu na kuficha yaliyomo. Lisubiri jua lizame. Taa za ndani zikiwaka na mbingu ikiwa bado na buluu, utaona nje na ndani kwa pamoja. Kwetu giza huingia upesi, nafasi hiyo ni ya dakika 20 hivi, basi fika mapema na uwe umeshachagua mahali pa kusimama.

La nne ni mtu. Mweke mtu katika picha, kwa ridhaa yake: fundi, mpangaji, mama anayeuza matunda barazani. Na pige pia nyuma ya jengo, mahali pa kamba za nguo na mapipa, kwani huko ndiko watu wanakoishi.

La tano ni ruhusa. Stesheni za reli, madaraja, viwanja vya ndege na majengo ya ulinzi vina taratibu zake; mwende kwa mkuu wa mahali mkaombe. Na mahali pa ibada pana adabu zake. Hekalu la Neasden mjini London, lililofunguliwa mwaka 1995, limeundwa kwa vipande zaidi ya 26,000 vya mawe ya Bulgaria na Italia yaliyochongwa India kisha yakaunganishwa Uingereza. Ni moja ya kazi za ajabu za mawe za zama zetu, na wageni hawapigi picha ndani yake. Nje wanapiga watakavyo. Nasi tuseme vivyo hivyo: kilele cha hekalu ni cha macho ya mji mzima, bali chumba cha ndani ni cha sala.

Wako kati yenu watakaopita Ghuba mwaka huu kwenda kuwaona ndugu. Mkifika Abu Dhabi, tazameni hekalu la mawe ya waridi kutoka Rajasthan, lililofunguliwa Februari 2024. Tazameni pia Louvre ya huko, kazi ya Jean Nouvel ya mwaka 2017, yenye kuba la mita 180 kutoka ukingo hadi ukingo. Kuba hilo limetobolewa kwa tabaka za nyota za chuma, na nuru hupenya kwa vidoa vidoa. Nouvel aliliwaza kutokana na majani ya mtende yaliyosukwa kuwa paa. Mtu aliyekaa chini ya makuti kule pwani yetu ataijua nuru ile mara moja. Pigeni picha, mfurahi. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Picha yako ya Abu Dhabi itakuwa moja kati ya mamilioni. Picha yako ya duka la kona Uhindini, au ya stesheni ya Iyunga saa ya treni kuwasili, huenda ikawa ya pekee.

Namalizia kwa ombi. Naomba hekalu letu lifungue daftari la picha za majengo ya mji huu, na wenzetu wa Iringa wafungue lao. Kila kijana achague jengo moja, la kale au jipya, la muumini au la jirani, kanisa, msikiti, shule au soko. Alipige kwa mbele, kwa pembeni likiwa na majirani zake, kwa nyuma, kisha jambo moja dogo kama kitasa au nakshi, na mwisho likiwa na watu wake. Chini ya kila picha aandike mahali, tarehe, upande jengo linaotazama, na majina ya mafundi na wenyeji kama wanavyokumbukwa na kwa idhini yao. Picha zichapwe kwenye karatasi, kwa sababu simu hupotea na kumbukumbu zake hupotea nayo. Nakala moja ikae hapa, na nyingine tuombe ipokelewe katika maktaba ya mkoa, ili mtu asiye mwumini naye aweze kuifikia. Zoezi la kwanza lifanyike kwa hekalu hili hili, na mzee mwenye picha yake ya zamani ndani ya sanduku aitoe inakiliwe, kisha arudishiwe.

Mwakani tutakapokutana tena, tupange picha hizo ukutani mwa ukumbi huu, na tuweke viti mbele yake kwa ajili ya wazee wa pande zote mbili waje kutusimulia.

 Mungu awabariki, alibariki hekalu hili na jirani zake wote.